Kilomita ni zile zile, mbona masaa hayalingani? Safari ya mama kutoka Dar mpaka New York

"Habari mtaalamu. Mama yangu ana miaka 67, mwezi wa pili anaenda kwa dada yangu New Jersey, tumemkatia Dar–Nairobi halafu Nairobi–New York moja kwa moja. Sasa mimi masaa yamenichanganya. Nimeingia mtandaoni kwenye zile programu za kupima umbali wa viwanja vya ndege, inaniambia kilomita 11,800 na kitu, masaa 13 na dakika kama 10. Tiketi inasema anatoka Nairobi 23:40 anafika 06:40 kesho yake, hapo naona masaa 7. Dada anasema hapana, ni masaa 15. Kurudi ni katikati ya mwezi wa nne, anatoka New York 13:00 anafika Nairobi 10:00 kesho yake, nikihesabu ni 21, nikitoa yale 8 ya tofauti ya saa napata 13. Yaani kwenda 15 kurudi 13 na umbali ni ule ule? Jirani anasema ni kwa sababu dunia inazunguka, ndege ikienda huku inaifukuzia na ikirudi inapokelewa. Na ramani inaonyesha ndege inapanda juu mpaka Moroko badala ya kunyoosha. Kinachoniuma zaidi, mama ana presha, anakunywa dawa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, sasa humo ndani atakunywa saa ngapi, na kukaa masaa yote hayo ataweza?"

Pole kwa kuchanganyikiwa ndugu yangu, na hongera kwa kuhesabu kabla ya safari, maana wengi hesabu hizi wanazianza wakiwa tayari wamesimama kwenye foleni ya ukaguzi. Mimi kazi yangu ni kupanga safari za ndege kabla hazijaruka, tunasoma upepo wa huko juu, tunachagua njia, tunapiga hesabu ya mafuta, kapteni anakuja anakagua anasaini. Kwa hiyo hili swali lako ndo ninaloshinda nalo kila siku. Programu haijakudanganya, tiketi haijakudanganya, na dada yako yuko sahihi kabisa kwenye ile 15. Ila hiyo 13 ya kurudi umekosea kidogo, na nitakuonyesha wapi. Jirani naye nitamrudia.

Tuanze na tiketi maana ndo rahisi. Saa inayoandikwa kwenye tiketi siku zote ni saa ya pale ndege ilipo. 23:40 ni saa ya Nairobi, 06:40 ni saa ya New York. Mwezi wa pili New York iko nyuma yetu masaa 8, kwa hiyo ndege inapogusa kule saa 06:40, nyumbani Dar ni 14:40, saa nane na dakika arobaini mchana. Hesabu sasa kuanzia 23:40 mpaka 14:40 unapata 15 kamili, ileile ya dada.

Kurudi ndo pale ulipoteleza, na wala si kosa la kizembe. Wamarekani wanasogeza saa zao mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu, halafu wanazirudisha Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Sisi huku hatugusi saa mwaka mzima. Kwa hiyo mama akienda mwezi wa pili tofauti ni 8, akirudi mwezi wa nne tofauti ni 7. Chukua ile 21 yako utoe 7, unapata 14. Safari ya kurudi ni masaa 14. Na mwambie dada azoee hilo mapema, maana kuanzia hiyo Jumapili ya mwezi wa tatu hata simu za kumpigia mama zitahama saa moja.

Kabla sijaenda mbele, kitu kidogo ambacho kimeshawakosesha watu ndege. Tiketi inahesabu siku kuanzia usiku wa manane, sisi kwenye mazungumzo usiku wote tunauona ni wa siku moja. Ndege ikiandikwa 00:30 tarehe 11, hiyo ni saa sita na nusu ya ule usiku unaoanza jioni ya tarehe 10, ukija uwanjani jioni ya tarehe 11 imeshakuacha karibu siku nzima. Ya mama ni 23:40 kwa hiyo yuko salama, lakini ratiba zikibadilishwa dakika arobaini tu mbele tarehe nayo inabadilika, ikija meseji yoyote ya mabadiliko soma tarehe kwanza halafu ndo saa.

Haya, sasa umbali. Hizo kilomita 11,800 na kitu ni njia fupi kuliko zote kati ya viwanja viwili juu ya dunia ya mviringo. Ramani ya ukutani imebanjuliwa ikawa bapa, ndo maana mstari ulionyooka pale unaonekana mfupi na ile njia iliyopinda inaonekana ya kuzunguka, wakati ukweli ni kinyume chake. Kama kuna shule jirani yenye tufe la dunia nenda na uzi, bana ncha moja Nairobi, vuta mpaka New York ukaze vizuri, uone unapolala. Utapita Sudan Kusini, utakatiza Chad na Niger, Algeria, Moroko, utaingia Atlantiki kupita jirani na visiwa vya Azores, halafu ndo Marekani. Kwa hiyo ile Moroko uliyoiona haina mzunguko wowote, ndo njia fupi yenyewe.

Lakini hiyo ni njia ya uzi, na ndege hairuki kwa uzi. Inafuata njia zilizopangwa na waongoza ndege, na nchi nyingine zinafunga anga bila kukupa notisi ya maana. Vita vilipoanza Sudan mwezi wa nne 2023 anga ya kule ikafungwa. Mwaka huohuo baada ya mapinduzi, Niger nayo ikafunga anga yake mwezi wa nane na haikufungua mpaka mwezi wa tisa. Angalia zilipo nchi hizo mbili halafu angalia uzi wako, Niger iko katikati ya njia kabisa na kona ya Darfur, huko magharibi mwa Sudan, inaguswa. Siku kama hizo sisi tunakaa na ramani tunazungusha, na kila kilomita 300 za kuzunguka ni kama dakika 20 zaidi. Programu ya umbali haijui lolote kuhusu hayo, yenyewe inachukua ncha mbili inagawa kwa mwendo.

Na sasa nikuonyeshe hizo masaa 2 zinazopotea kati ya 13 na 15 zinakwenda wapi, tufanye hesabu yenyewe. Hii ndege ya moja kwa moja ilianzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, ndege ambayo ikishatulia juu inakwenda kama kilomita 900 kwa saa. 11,840 gawa kwa 900 ni masaa 13 na dakika 10, hiyo ndo hesabu ya programu. Sasa ongeza vitu ambavyo programu haivioni. Muda wa tiketi unaanza ndege inapotoka kwenye maegesho Nairobi na unaisha inapopaki New York, sio inaporuka na kugusa chini. JFK, uwanja wa New York anakotua mama, ni mkubwa wenye msongamano, ukishatua unaweza kutembezwa chini muda mzuri tu. Weka nusu saa kwa huku na kule. Ongeza kama robo saa kwa kupanda na kushuka, maana kule ndege haiko kwenye 900. Ongeza dakika 20 za njia isiyonyooka kama uzi. Hapo tumefika 14 na robo. Hiyo iliyobaki inaliwa na upepo.

Upepo ndo mwenye safari. Kule juu, kama kilomita 10 hivi kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, sisi kazini tunaiita jetistrimu. Ikiwa na nguvu inapita kilomita 200 kwa saa bila shida, kuna siku inapita 300. Kwetu karibu na ikweta upepo wa juu ni mpole, lakini ukishaanza kuikata Sahara kwenda juu, mpaka Atlantiki, unakutana nao uso kwa uso, na mwezi wa pili ndo msimu wake maana unapata nguvu zaidi wakati wa baridi ya kule. Ukichukua wastani wa njia nzima tuseme ndege inasukumwa nyuma kwa kilomita 50 tu kwa saa, basi ile 900 inakuwa 850 juu ya ardhi, na zile 13 na dakika 10 zinakuwa karibu 13 na dakika 56. Dakika 46 hizo. Jumlisha na zile za mwanzo, unaiona 15 inakuja yenyewe.

Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa hili, majahazi yalikwenda Oman kwa kusi yakarudi kwa kaskazi, hakuna nahodha aliyepima safari kwa umbali peke yake. Tofauti yetu ni kwamba huu upepo wa juu haugeuki kwa misimu kama ule, mwaka mzima unaelekea mashariki, kinachobadilika ni nguvu yake na mahali unapopita.

Kurudi sasa upepo huohuo unamsukuma mama kwa nyuma. Kilomita 50 zilezile unaongeza badala ya kutoa, 950, masaa 12 na dakika 28, weka zile dakika zako za chini, za kupanda na za njia isiyonyooka, unapata 13 na nusu. Tiketi inasema 14 kwa sababu mashirika yanaweka akiba kidogo kwenye ratiba ili siku mambo yakienda vibaya ndege isihesabiwe imechelewa. Ndo maana kuna siku mtasikia "imefika dakika 30 kabla", hakuna aliyekanyaga mafuta, ni akiba haikutumika. Na njia ya kurudi wala si lazima iwe ileile ya kwenda. Kwenda tunaukwepa upepo, kurudi tunautafuta, hata kama kwa uzi ni mbali zaidi, maana kilomita nyingi zenye upepo mgongoni zinaweza kuisha haraka kuliko chache zenye upepo usoni. Mwezi wa pili 2020 kulikuwa na dhoruba kubwa Atlantiki, Boeing 747 ya British Airways ikatoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kawaida inachukua 6 na nusu hivi. Umbali haukupungua hata mita.

Na hapo nimrudie jirani. Dunia kweli inazunguka kuelekea mashariki, lakini hewa yote inazunguka nayo na ndege iko ndani ya hiyo hewa. Ingekuwa kama anavyosema basi helikopta ingepanda tu juu ya Dar ikasimama, ikasubiri Kongo ije chini yake, nauli ya Lubumbashi ingekuwa bure. Ila asivunjike moyo, yuko karibu na ukweli: ule upepo wa juu wenyewe unatokana na joto la ikweta na baridi ya kaskazini vikichanganyika na mzunguko wa dunia unaoikunja hewa kuelekea mashariki. Mzunguko unagusa safari kupitia upepo, sio kwa ndege kufukuzia ardhi.

Kipande cha Dar–Nairobi usikisumbukie, lakini kinaonyesha vizuri kwa nini umbali peke yake haufai kwa safari fupi. Ni kama kilomita 670, ukigawa kwa 900 unapata dakika 45, tiketi itakuandikia saa 1 na dakika 20 au 25. Ndege haikai juu muda wa kutosha, ikimaliza kupanda inaanza kushuka.

Sasa tuje kwa mama mwenyewe, ndo sehemu muhimu kuliko zote hizi. Kwa mtu wa miaka 67 masaa ya kuhesabu ni kuanzia mlangoni kwenu mpaka mlangoni kwa dada, sio yale ya angani. Kama ndege ya Dar inatoka saa 12 jioni na kitu na nyie mnakaa mbali na uwanja, atatoka nyumbani saa 8 mchana kwa sababu ya foleni. Atatua New York 06:40, weka uhamiaji na mizigo, weka barabara mpaka New Jersey, anaingia ndani kama saa 4 asubuhi ya kule, na huku kwetu ni saa 12 jioni ya siku inayofuata. Masaa 28. Hiyo ndo namba ya kumwambia, tena mwambie mapema asije akaambiwa "ni masaa 7 tu mama" halafu akakata tamaa katikati ya Sahara.

Dawa. Ushauri wangu ni kwamba saa ya mkononi ya mama ibaki kwenye saa za Dar safari nzima, asiiguse mpaka atakapofika. Na iwe ya mkononi kweli, maana simu ikishatua inajibadilisha yenyewe. Dozi ya saa 2 usiku ataimeza Nairobi akisubiri ndege. Dozi ya saa 2 asubuhi itamkuta angani, masaa 8 na dakika 20 baada ya kutoka Nairobi, taa zimezimwa na kwa saa za New York ni usiku wa manane kabisa, watu wamelala, ndo hapo wazee wengi wanasema "nitakunywa kukikucha" na kumbe kukucha kwenyewe ni masaa 6 mbele. Kwa hiyo aweke alamu kwenye hiyo saa au amwombe mhudumu amwamshe, hawakatai. Baada ya hapo dozi inayofuata kwa saa za Dar itaangukia saa 6 mchana wa New York. Namna ya kuhama kutoka hapo kwenda kwenye ratiba mpya mimi sikupangii, hiyo ni ya daktari wake, kwa sababu inategemea ni dawa gani, kuna zinazoweza kusogezwa kidogo kidogo na kuna zisizotaka mchezo. Nenda naye wiki mbili tatu kabla, mchukulieni na karatasi ya ratiba hii ili daktari aandike juu yake. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi ndani ya paketi zake pamoja na cheti cha daktari, sio kwenye begi linalokwenda chini.

Kuhusu kukaa, hofu yako ni ya haki. Masaa 15 miguu ikining'inia damu inalala, na kwa umri wake hatari ya damu kuganda miguuni ipo. Mkatie siti ya njiani sio ya dirishani, ili anyanyuke bila kuomba ruhusa ya watu wawili, atembee kila baada ya masaa mawili akiwa macho, azungushe vifundo vya miguu akiwa amekaa, na anywe maji hata kama anayakwepa kwa sababu ya choo. Hewa ya ndani isimtishe sana, 787 imetengenezwa ili presha ya hewa ndani isiwe pungufu kuliko ya mahali penye mwinuko wa kama mita 1,800, na Nairobi yenyewe uwanja uko mita 1,624. Lakini kama aliwahi kuganda damu, amepata kiharusi au mshtuko wa moyo siku za karibuni, amefanyiwa upasuaji, au presha haijatulia, asipande kwa ushauri wa mtu yeyote wa mtandaoni, mimi nikiwemo. Apimwe na daktari ana kwa ana, aulize na kuhusu soksi za kubana miguu.

Najua kuna atakayekwambia ungempitisha Doha au Dubai. Ni chaguo halali. Kupitia Doha jumla ya kilomita inapanda kutoka kama 12,500 mpaka 14,600 hivi, na kipande cha Doha–New York chenyewe bado ni kirefu, kama masaa 14, kwa hiyo hujamwokolea ile safari ndefu, umemwongezea nyingine ya karibu 6 mbele yake. Faida yake mara nyingi ni bei, na ndege zinazotoka Dar moja kwa moja mpaka huko. Kupitia Ulaya vipande vinagawanyika vizuri zaidi, miguu inapumzika katikati, ila ni uwanja mgeni mkubwa, lugha ngeni, na lazima uulize kama anahitaji viza ya kupita. Kwa mama anayesafiri peke yake na asiyezoea, mimi ningebaki na Nairobi. Atakutana na wahudumu anaoelewana nao, anabadilisha ndege mara moja tu, na hiyo mara moja anaifanya mwanzoni akiwa bado na nguvu.

Cha kuhakikisha ni kwamba vipande vyote viwili viko kwenye tiketi moja yenye namba moja ya buking. Kama mlikata Dar–Nairobi kivyake kwa sababu ilikuwa rahisi, ikichelewa ile ya kwanza ya pili haiwajibiki kumsubiri wala kumpa nyingine, na begi atalifuata mwenyewe Nairobi. Usilijibu hili kwa kuangalia simu, nenda ofisi ya shirika au kwa wakala aliyewakatia, ukae mbele ya kompyuta yao uone jina la mama na safari zote nne kwenye ukurasa mmoja. Ukiwa hapohapo omba kiti cha magurudumu, hata kama anatembea vizuri, maana anayesukuma kiti ndo atakayempitisha Nairobi na ndo atakayempeleka mpaka kwa uhamiaji JFK. Waombeni sio chini ya siku mbili kabla, na msiondoke mpaka waonyeshe kimeandikwa kwenye buking ya kwenda na ya kurudi pia.